Wanakijiji wa Uhispania kwenye picha za karne ya 19: dhana na ukweli

Dhana: Wachoraji walijiendea tu vijijini wakachora walichokiona.

Ukweli: Nyingi ya picha hizi zilikuwa na mwenye kuzilipia. Chukua Valeriano Domínguez Bécquer wa Sevilla, ndugu yake mshairi Gustavo Adolfo Bécquer. Mwaka 1865 serikali ilimpa posho azunguke mikoani achore mavazi na desturi za watu, na kila mwaka akabidhi picha mbili kwa makumbusho ya taifa. Ndivyo tulivyopata ngoma ya wanakijiji wa mkoa wa Soria (1866), mwanamke anayesokota uzi na mkata kuni. Ni kazi nzuri mno, na uso wa mkulima humo una heshima yake kamili. Lakini mtu aliyetumwa kuhifadhi mavazi huchagua yaliyo bora. Kwa hiyo ukiona sketi na shali zilizopangika vizuri, usichukulie kwamba ndivyo watu walivyovaa wakivuna ngano. Mapinduzi ya 1868 yalipomng'oa Malkia Isabel II, posho ikakatwa. Miaka miwili baadaye Valeriano akafariki, ana miaka 36.

Dhana: Picha zenyewe ni za furaha, basi maisha yalikuwa ya furaha.

Ukweli: Sheria ya 1855 iliruhusu ardhi za pamoja za vijiji kuuzwa, na maskini wengi wakapoteza malisho na mahali pa kuokota kuni. Hilo hulioni kwenye picha za ngoma, na kwangu mimi ndilo pengo lao kubwa. Mwishoni mwa karne mambo yalibadilika. Mwaka 1894 mchoraji Joaquín Sorolla alichora kijana mvuvi aliyejeruhiwa, amelala ndani ya chombo cha uvuvi, wazee wawili wakimhudumia. Picha aliipa jina lenye uchungu: “Na bado wanasema samaki ni ghali!” Ilipata medali ya daraja la kwanza Madrid mwaka 1895, na leo ipo makumbusho ya Prado.

Dhana: Uhispania ya mashambani ni Andalusia ya kusini, magitaa na fahali.

Ukweli: Wasafiri wa Uingereza na Ufaransa walipenda kununua picha za aina hiyo Sevilla, mji wa Andalusia, na wachoraji wakafuata soko. Lakini Soria, kwa mfano, ni nyanda za juu zenye baridi kali. Huko Olot, Catalonia, Joaquim Vayreda alichora mashamba na malisho ya kwao, akijifunza kwa Wafaransa wa Barbizon, kundi la wachoraji wa mandhari ya mashambani.