Maktaba ya kidijitali ni nini kwa mtafiti?

Ukitaja maktaba ya kidijitali, wengi hufikiria kompyuta zilizopangwa pale zilipokuwa rafu, na vitabu vikuukuu vinavyoskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Kwa mtafiti hilo halitoshi. Kwake, maktaba ya kidijitali ni ile inayomshika mkono tangu anapotafuta yaliyokwisha andikwa hadi data zake mwenyewe zinapohifadhiwa. Zamani maktaba ilitunza kilichoingia, yaani vitabu na majarida. Sasa inatakiwa kutunza pia kinachotoka, yaani kazi na data za watafiti wenyewe, na hapo ndipo nyingi bado zinachechemea.

Tuanze na kinachoingia, maana nacho kimebadilika. Jarida la karatasi likishanunuliwa lilikuwa mali ya maktaba. Jarida la mtandaoni mara nyingi halinunuliwi. Hulipiwa ruhusa ya kulisoma. Ada isipolipwa, mlango unafungwa, na kama mkataba haukuandikwa vizuri hata matoleo ya miaka iliyolipiwa yanaweza kufungwa nayo. Kwa hiyo mkutubi amelazimika kuwa msomaji wa mikataba. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California, Marekani, kilisitisha mkataba wake na Elsevier, kampuni inayochapisha majarida ya kitaaluma, baada ya mazungumzo kukwama, na wakutubi walikuwa mstari wa mbele katika mvutano huo. Pande mbili zilielewana tena mwaka 2021, kwa mkataba unaowezesha makala za watafiti wa chuo hicho kusomwa na yeyote bila malipo.

Kusoma bila malipo ndiko kunakoitwa ufikiaji huria, dhana iliyopata tamko lake maarufu huko Budapest mwaka 2002. Mwaka huohuo maktaba za chuo cha MIT, zikishirikiana na kampuni ya kompyuta ya HP, zilitoa DSpace, programu ya bure ambayo vyuo vingi duniani vimeitumia kujenga hazina zao za kidijitali. Hazina hiyo ni mahali ambapo tasnifu, makala na ripoti za chuo huwekwa ili zipatikane na wote. Tatizo ni kwamba hazina hujengwa kwa shangwe, kisha hukaa nusu tupu. Mtafiti aliyechoka anapewa fomu ndefu ajaze mwenyewe, halafu tunashangaa hajazi! Kwa maoni yangu, fomu hiyo ni kazi ya maktaba. Mtafiti alete faili, mkutubi akague haki za mchapishaji na kujaza yaliyobaki.

Jambo zito zaidi ni data. Utafiti mmoja uliochapishwa kwenye jarida la Current Biology ulifuatilia data za makala 516 zenye umri wa miaka 2 hadi 22, na ukaonyesha kwamba uwezekano wa data hizo kuwa bado zipo ulishuka kwa asilimia 17 kila mwaka. Baadhi ya anwani za barua pepe za waandishi zilikuwa zimekufa. Data nyingine zilibaki kwenye diski ambazo mashine za kuzisoma hazipatikani tena. Hakuna aliyezichoma moto. Zilipotea kwa kukosa mwangalizi.

Maktaba inaweza kuwa mwangalizi huyo, lakini lazima ifike mapema, kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Faili zitaitwaje? Nakala zitakaa wapi? Zitahifadhiwa kwa muundo ambao programu yoyote inaweza kuufungua, au zitategemea programu moja ya kulipia? Je, kila safu ya jedwali imeelezwa? Safu uliyoipa jina «x2» leo unaijua vizuri. Baada ya miaka mitatu utabaki unakuna kichwa. Mwaka 2016 zilichapishwa kanuni nne zinazofahamika kwa kifupi cha Kiingereza FAIR: data zipatikane, zifikike, ziweze kuunganishwa na nyingine, na zitumike tena. Watu wengi huchanganya hapa. Kufikika si lazima kuwe wazi kwa kila mtu. Data za wagonjwa zinaweza kufungwa kwa masharti makali, huku maelezo yake yakionekana ili mwenye sababu halali ajue pa kubisha hodi.

Vitambulisho navyo viko mikononi mwa maktaba. DOI ni namba ya kudumu ya makala au seti ya data: tovuti ikihama, kiungo hurekebishwa na namba hubaki ileile. ORCID, iliyoanza mwaka 2012, humpa mtafiti namba ya tarakimu 16, ili kazi zake zisichanganywe na za mwenye jina kama lake. Kujisajili ni dakika chache tu, na mkutubi anaweza kukuonyesha mezani pake.

Kisha kuna utafutaji wenyewe. Programu za akili bandia hujibu haraka na kwa kujiamini, lakini wakati mwingine hutaja makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikiwa na waandishi, mwaka na hata namba za kurasa. Maombi ya makala za namna hiyo sasa huwafikia wakutubi. Mkutubi hukagua katalogi, kisha toleo la jarida lililotajwa, kisha DOI. Akikuta hakuna kitu, humwambia mtafiti kabla makala hiyo hewa haijaingia kwenye orodha yake ya marejeo.