Chillon: Ngome ya Ushuru Juu ya Mwamba wa Ziwa

Anayeifikia Chillon kwa boti na anayeifikia kwa miguu hawaoni jengo moja. Wa boti hupokewa na madirisha mapana ya matao, vyumba vya kulala na kumbi zinazotazama maji. Wa miguu hukuta ukuta mnene, minara mitatu ya nusu duara na matundu ya mishale yasiyopitisha hata kichwa cha mtoto. Nyuso hizi mbili ndizo ufunguo wa kulielewa jengo lote: upande mmoja ulijengewa adui, upande wa pili ulijengewa mwenye nyumba.

Ngome iko Veytaux, jirani na mji wa Montreux, kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Geneva nchini Uswisi. Imekalia mwamba wa mawe ya chokaa wenye umbo la yai, nayo imeujaza karibu wote: urefu wa kama mita 100, upana wa kama mita 50, na mnara mkuu wa mita 25 katikati. Kati ya mwamba na bara upo mfereji mwembamba wa maji. Kwa hiyo handaki, ambalo ngome nyingine za Ulaya zililipia vibarua miezi mingi kulichimba, hapa lilikuwepo kabla ya jiwe la kwanza. Upande wa pili ziwa linazama ghafla.

Lakini mwamba peke yake hauelezi kwa nini watu wakajenga hapo. Jibu liko barabarani. Milima inashuka karibu hadi majini na kuacha ukanda mwembamba sana wa kupita, na ukanda huo ulibeba njia kubwa ya biashara kati ya Italia na kaskazini. Msafiri aliyetoka Aosta, upande wa Italia, alivuka mlima kwenye kipito cha Great Saint Bernard, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, akateremka bonde la mto Rhône hadi Villeneuve, akapita chini ya kuta za Chillon kuelekea Lausanne na Burgundy. Robota za sufu zilikwenda kusini, viungo na vitambaa vikaja kaskazini. Hapakuwa na kichochoro cha kukwepea. Mwenye Chillon hakuhitaji jeshi kubwa ili apate fedha. Alihitaji lango, karani na watu wachache wenye pinde.

Hati ya mwaka 1150 inawapa watawa wa monasteri ya Hautcrêt ruhusa ya kupita Chillon bila kulipa. Msamaha hutolewa pale tu penye malipo, hivyo tunajua ushuru ulikuwa umeshazoeleka. Wakati huo ngome ilikuwa chini ya ukoo wa watawala wa Savoy, waliomiliki ardhi pande zote mbili za Alps. Mwaka 1214 Thomas wa Kwanza wa Savoy alianzisha mji wa Villeneuve, kiasi cha kilomita 2 kutoka ngomeni, ukawa kituo cha kupakua mizigo, kutoza na kuhamishia bidhaa kwenye vyombo vya ziwani. Mji ulikusanya, ngome ikalinda.

Sura tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 13, hasa chini ya Pierre wa Pili wa Savoy, aliyetawala kuanzia 1263 hadi 1268. Alikuwa ameishi miaka mingi katika jumba la mfalme wa Uingereza, ambako alikuwa na undugu wa ndoa, na uhusiano huo uliacha alama mbali sana na ziwa hili. Fundi mkuu James wa Saint George, aliyetoka katika himaya ya Savoy, ndiye baadaye aliyesimamia ngome za Mfalme Edward wa Kwanza huko Wales, zikiwemo Conwy na Harlech. Wataalamu wa majengo hulinganisha madirisha ya Harlech na ya Chillon kama anayelinganisha mwandiko.

Tuingie ndani. Majengo yapatayo 25 yamezunguka nyua, na mengi yaliunganishwa kidogokidogo kadiri mahitaji yalivyozidi, ndiyo maana sakafu hazilingani na ngazi zinakatiza pasipotarajiwa. Chini kabisa, upande wa ziwa, kuna vyumba vya matao yaliyochongoka vinavyobebwa na nguzo nene, kama kanisa kuu lililozamishwa. Ukuta mmoja ni mwamba wenyewe, haukujengwa. Wageni wengi huviita jela, na hapo ndipo kosa la kwanza. Vilijengwa viwe ghala: divai, nafaka, silaha. Ubaridi wa mwamba na ziwa huzuia joto lisipande na kushuka kwa haraka, hali inayoifaa divai, na hata leo mapipa ya divai hulazwa humo.

Juu ya ghala zipo kumbi kubwa zenye meko, na katika ukumbi mmoja nguzo za marumaru nyeusi zingali zimesimama. Chumba cha bwana kina michoro ya ukutani iliyofanywa kati ya 1342 na 1344 na Jean de Grandson: wanyama wa kweli na wa kubuni, na juu ya meko Mtakatifu Georgi akimuua joka. Anayeshangaa kwa nini vyumba hivi vina samani chache ajue kwamba ndivyo vilivyokuwa. Watawala wa Savoy hawakukaa mahali pamoja. Walihama kutoka ngome hadi ngome, na vitanda, mazulia ya ukutani na vyombo vilisafiri nao masandukuni. Bwana akiondoka, chumba kilibaki kitupu.

Waliobaki ni makarani. Hawa, kwa maoni yetu, ndio wakazi muhimu kuliko mashujaa wote wa panga. Waliandika hesabu za wilaya kwa Kilatini kwenye vipande vya ngozi vilivyoshonwa ncha kwa ncha, kisha vikaviringishwa kama mkeka. Ushuru ulioingia, misumari iliyonunuliwa, chokaa, mbao, ujira wa seremala: yote yamo. Bila mizingo hiyo tungebaki kukisia umri wa kuta nyingi.

Vyoo navyo vina somo lake. Ni vibao vyenye matundu juu ya mashimo marefu yanayoangukia ziwani. Ni usafi mzuri kwa zama zile, lakini kila shimo ni uwazi katika ukuta, na mjenzi alipaswa kuliweka mahali ambapo mtu hawezi kupanda kwa urahisi. Upande wa maji makuu uliruhusu hilo.

Upande wa barabara hesabu ilikuwa nyingine. Tundu la mshale ni jembamba nje na pana ndani, ili mpiga upinde ageuze mwili wake kushoto na kulia huku adui akiona mstari tu. Mnara wa nusu duara hutokeza mbele ya ukuta ili walinzi wapige ubavuni mwa anayeukaribia. Ukuta ulionyooka huacha chini yake eneo ambalo mlinzi wa juu halioni asipochungulia na kujiweka hatarini. Dawa ya tatizo hilo ni roshani ya mawe iliyotokeza juu ya ukuta, yenye matundu sakafuni ya kuangushia mawe. Mnara mkuu ulikuwa kimbilio la mwisho. Minara ya aina hii iliingiwa kwa mlango wa juu, ngazi ya mbao ikivutwa ndani.

Yote hayo yalipangwa dhidi ya mishale na ngazi. Aliyewahi kuzunguka Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa 1593 hadi 1596, atakumbuka pembe zake zilizochongoka na kuta zake nene zilizoinama: hiyo ni ngome ya zama za mizinga. Chillon ni ndefu na wima, umbo zuri la kumwona adui na umbo baya la kupokea risasi ya chuma. Mwaka 1536 jeshi la Bern, mji wa Uswisi, lilifika na mizinga kutoka barabarani, vyombo vya mji wa Geneva vikafunga njia ya ziwani, na tarehe 29 Machi ngome ikawa yao.

Ndani walimkuta François Bonivard, padri mkuu wa Saint-Victor wa Geneva, aliyefungwa tangu 1530 kwa kupinga utawala wa Savoy juu ya mji wake. Miaka miwili ya kwanza alikaa katika chumba cha heshima. Minne iliyofuata alifungwa minyororo kwenye nguzo ya ghala. Alitoka hai, akarudi Geneva, akaishi hadi 1570. Mwaka 1816 mshairi Mwingereza Byron alitembelea, akatunga shairi lililomfanya mfungwa huyu maarufu duniani, kwa kuongeza misiba ambayo Bonivard hakuipata. Jina la Byron linaonyeshwa kwenye nguzo ya tatu. Tangu hapo ghala likawa jela katika fikra za watu. Kiswahili kinalijua geuko hili: Gereza la Kilwa Kisiwani ni ngome, na neno hilohilo leo ni jela.

Kuna mateso mengine ambayo hayakupata mshairi. Septemba 1348, tauni ilipokuwa ikienea, Wayahudi wa Villeneuve na jirani waliteswa Chillon mpaka wakakiri kwamba walitia sumu visimani. Maungamo hayo yaliandikwa vizuri na kupelekwa Strasbourg, mji ambao Februari 1349 uliwachoma moto Wayahudi wake. Karani aliyehesabu misumari angeweza pia kuandika uongo uliong'olewa kwa maumivu, na hati yake ikasafiri mbali kuliko robota yoyote ya sufu.

Watu wa Bern waliitumia ngome kama makao ya liwali hadi 1733, kisha ghala na gereza. Mapinduzi ya 1798 ya Vaud, eneo ilimo ngome, yaliwaondoa, na mwaka 1803 jengo likawa mali ya jimbo jipya la Vaud. Ukarabati wa kisayansi ulianza mwishoni mwa karne ya 19 chini ya msanifu Albert Naef. Alichimba, akapima, na akataka mawe mapya yatiwe alama ili yasichanganywe na ya kale.

Adui wa sasa ni maji. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa kama asilimia 9, na jiwe lililolowa hupasuka kutoka ndani. Kuta za namna hii zikizibwa kwa saruji, ambayo ni ngumu na haipumui, unyevu hukosa njia ya kutokea kwenye viungo, ukatokea kwenye jiwe lenyewe, na uso wake ukabanduka. Kinachofaa ni chokaa na mchanga, mara nyingi kwa uwiano wa 1 kwa 3. Kiungo hukwanguliwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, huloweshwa kabla, na kazi husimama baridi ikikaribia nyuzi 5 za Selsiasi. Mafundi wa nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu na Unguja wanaujua ugonjwa huu; kwao chumvi hufanya kazi ya barafu.

Ukanda ule mwembamba bado umebanwa. Reli inapita mita chache kutoka langoni. Barabara kuu haikupata nafasi, ikabidi ijengewe daraja pacha la zaidi ya kilomita 2 kwenye mteremko juu ya ngome, lililokamilika 1969. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uswisi lilichimba ngome nyingine ndani ya mwamba ulio mkabala, likaelekeza mizinga yake kwenye barabara ileile.