Je, wajua jamaa wa futi 5 na inchi 3 aliwezaje kucheza NBA, ligi kuu ya basketi Marekani, misimu 14?

Tyrone Bogues, ambaye wote tunamjua kama Muggsy, ana sentimita 160 tu. Yaani ukikutana naye kwenye daladala humpishi siti kwa sababu ya miguu mirefu. Na ndio mchezaji mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA. Sasa ring iko juu mita 3.05 na uwanja umejaa watu wa mita mbili na ushee, huyu alikuwa anafanya nini humo ndani?

Jibu liko chini, sio juu. Huwezi kutembea na mpira wa basketi bila kuudunda, na ukiudunda lazima ushuke sakafuni, afu ukipanda kwenye mkono wa mtu mrefu unakuwa umesafiri njia ndefu kweli, na njia yote hiyo mkono wa Muggsy uko hapo hapo unasubiri. Ndio maana aliiba mipira 1,369 kwenye NBA. Hata hilo jina alipewa mtaani kwao Baltimore kwa vile alivyokuwa anapora watu mpira kama kibaka, kwa Kiingereza "mug", na kwa Kiswahili chetu kibaka na beki wote neno lao ni lilelile, kukaba!

Upande wa pili ni hivyohivyo. Yeye akidunda, mpira unaishia kwenye magoti ya jitu linalomkaba, mpaka liiname, na likiinama yeye keshapita. Msimu wa 1989-90 alitoa wastani wa asisti (pasi za kufunga) 10.7 kwa mechi, na ukipiga hesabu ya maisha yake yote NBA, kwa kila mpira mmoja aliopoteza alitoa asisti zaidi ya nne. Hiyo namba mi naona ndio ya kumshangaa kuliko urefu wake, maana kuna mapointi gadi, yaani wachezeshaji wa timu, warefu tu hawaifikii.

Washington Bullets walimchukua kwenye draft ya 1987, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akiwa wa 12, wakamuweka timu moja na Manute Bol, Mdinka wa Sudan mwenye futi 7 na inchi 7. Picha yao wamesimama pamoja utadhani mtu na mwanae wa darasa la pili. Msimu mmoja tu wakamuachia, Charlotte Hornets iliyokuwa inaanzishwa 1988 ikamchukua, na huko ndio akawa mfalme na wenzake Larry Johnson, Alonzo Mourning na Dell Curry, yule baba yake Steph Curry. Baadaye akapita Golden State na Toronto, akamaliza 2001.

Kuruka pia alikuwa anaruka jamani, tusimuonee. Mwaka 1993 alimpiga bloku, yaani aliuzuia mpira wake ukielekea ringi, Patrick Ewing, futi 7 kamili. Na wala sio bahati ya siku moja, ana bloku 39 NBA.