Je, wajua kwa nini gari lenye supachaja huishiwa nguvu mlimani, kisha likapona lenyewe?

Umetoka Naivasha na watu wanne ndani ya gari. Unapita Kinungi ukipanda kuelekea Soko Mjinga, na ghafla gari linalegea. Unakanyaga mafuta hadi chini, injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki, na lori lililokuwa nyuma linakupigia honi. Unaegesha ununue karoti, dakika 20 zinapita, unawasha: gari ni zima. Kesho yake, Industrial Area, fundi anachomeka mashine ya kusoma kompyuta na haoni kosa lolote. Anakushauri ubadilishe plagi.

Kabla hujatoa pesa, fahamu kwanza kifaa chenyewe. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini kupitia mkanda, tofauti na tabo ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi ipate kuungua. Wazo ni la zamani. Ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine ya kupuliza hewa mwaka 1860, kabla gari la petroli halijazaliwa, na supachaja nyingi za leo bado zina rota mbili zinazozungukana kama zile zao. Katika barabara za Nairobi utaikuta kwenye Nissan Note za DIG-S zenye silinda tatu, na kwenye zile Volkswagen Golf za TSI ya lita 1.4 zilizofungwa supachaja na tabo pamoja. Katika magari hayo haifanyi kazi wakati wote. Ina klachi ya sumaku, kama ile ya kompresa ya AC, nayo kompyuta huishikisha pale tu injini inapohitaji msaada.

Usikimbilie kulaumu kimo. Ni kweli hewa ya Nairobi ni nyepesi: Mombasa msukumo wake ni karibu kilopaskali 101, huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni karibu 83. Lakini udhaifu wa kimo huja polepole na hauondoki mpaka uteremke. Hauwezi kuisha ukinunua karoti.

Hiyo 83, hata hivyo, ishike vizuri. Injini ikiwa imezimwa na swichi imewashwa tu, soma sensa ya msukumo wa hewa ya manifodi, yaani bomba linalopeleka hewa kwenye silinda. Ikionyesha namba iliyo karibu na 83, haidanganyi. Fundi anayefuata kitabu kilichoandikiwa nchi za usawa wa bahari anaweza kuitupa sensa nzima bure. Kisha rudini mlimani, abiria akiwa ndiye anayesoma mashine, kamwe si dereva, mpaka gari lilegee tena. Pedali ikiwa chini kabisa, namba inasema nini? Ikibaki palepale pa hewa ya nje au chini yake, supachaja haisukumi. Ikipanda, tuseme hadi 120, na gari bado limechoka, hewa ipo na kinachokosekana ni mafuta au moto wa plagi. Kwenye Golf yenye vyote viwili, angalia injini ikiwa chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa sababu juu ya hapo tabo huficha kosa la supachaja.

Nianze na upande wa mafuta na moto, maana hauna maneno mengi. Pampu ya mafuta iliyochoka hutosheleza mjini na kushindwa mlimani. Koili ya plagi huweza kukata ikipata joto. Kuna pia gari kujilinda. Hewa ikibanwa hupata moto: ukiifikisha mara 1.5 ya msukumo wake, hewa ya nyuzi 25 hutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 60, hata kama pampu ingekuwa kamilifu, na hakuna iliyo kamilifu. Injini ikianza kugonga kwa sababu ya joto hilo, au kwa sababu petroli imechanganywa na mafuta ya taa, kompyuta huchelewesha cheche na nguvu inapungua. Uchanganyaji huo si hadithi. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuupiga vita.

Namba ikikataa kupanda ndipo ninapoishuku klachi kabla ya kitu kingine, na sababu yangu ni shaba. Koili ya klachi ni waya wa shaba, na ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili iliyokuwa na nyuzi 20 asubuhi ikifika 120 karibu na injini, ukinzani umepanda kwa asilimia 40 hivi. Umeme unaopita hupungua kwa zaidi ya robo, na sumaku hulegea nao. Klachi mpya huvumilia hilo. Iliyolika haiwezi, kwa sababu bapa lake limesogea mbali na sumaku, na pengo likipanuka kidogo tu mvuto hushuka sana. Basi asubuhi inashika, mlimani inaachia, ukipumzika inapoa na kushika tena. Gereji, ikiwa baridi, utaisikia ikilia “tak” bila shida.

Mkanda unaoteleza nao huleta dalili hizo, hasa siku ya mvua, lakini mara nyingi hupiga kelele. Valvu inayorudisha hewa nyuma ikikwama wazi, supachaja huzunguka bure. Kagua pia bomba lake dogo la mpira kama limepasuka.

Kutenganisha haya hakuhitaji gharama. Mwambie fundi wa waya aunge taa ndogo ya kupimia kwenye waya unaopeleka umeme kwa klachi, aivute hadi ndani karibu na abiria, kisha mpande tena. Taa ikiwaka na namba isipande, umeme umetoka na kilichoshindwa ni klachi, mkanda au valvu. Simameni mahali salama mpime ukinzani wa koili palepale, kabla haijapoa. Taa isipowaka, kosa liko kabla umeme haujafika kwenye klachi: rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya uliolika, au kompyuta yenyewe imekataa kuishikisha, na hapo mwombe fundi asome joto la injini na la hewa inayoingia wakati huohuo.