Jina la Usichana na Namna Linavyofuatwa katika Daftari za Parokia za Uingereza

Jina la usichana ni jina la ukoo alilozaliwa nalo mwanamke, yaani jina la kwao, likitofautishwa na jina la mume analolichukua baada ya kuolewa. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki dhana hii huhitaji maelezo kidogo, kwa sababu katika desturi ya Waswahili mwanamke aliyeolewa huendelea kuitwa binti fulani mpaka siku ya kuzikwa, na ndoa haimwondolei jina la baba yake. Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, alipoolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete, alitoka katika utaratibu mmoja wa majina na kuingia katika mwingine kabisa. Huo wa pili ndio uliotawala Uingereza kwa karne nyingi, na ndio unaomsumbua kila anayetafuta nasaba ya bibi zake katika vitabu vya makanisa ya huko.

Chanzo chake kimo katika sheria ya kale ya nchi hiyo, iliyowahesabu mume na mke kuwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa mume. Mali ya mke inayohamishika ilikuwa ya mumewe, na kwa kawaida mke hakuweza kushtaki wala kushtakiwa peke yake. Hakukuwa na kifungu kilichomlazimisha kubadili jina. Ilikuwa desturi tu, lakini desturi iliyoshikwa kwa nguvu kiasi kwamba makarani waliifuata bila kufikiri. Ndiyo maana mwanamke mmoja huonekana katika kumbukumbu kana kwamba ni watu wawili: msichana wa jina moja anayetoweka akiwa na miaka ishirini na kitu, na mke wa jina jingine anayejitokeza ghafla akiwa na mtoto mikononi. Kulifuatilia jina la usichana ni kuthibitisha kwamba wawili hao ni mmoja. Kuvuka mpaka kwenda Scotland kunatosha kuonyesha kwamba mambo hayakulazimika kuwa hivyo, kwa kuwa huko mama aliendelea mara nyingi kuandikwa kwa jina la kwao hata katika ubatizo wa watoto wake.

Daftari za parokia zilianza mwaka 1538, pale Thomas Cromwell, waziri mkuu wa Mfalme Henry VIII, alipoagiza kila parokia iandike kila wiki ubatizo, ndoa na maziko yaliyofanyika. Mwaka 1598 ikaamriwa kwamba kumbukumbu hizo, ambazo nyingi zilikuwa kwenye karatasi duni, zinakiliwe katika vitabu vya ngozi, hasa zile za kuanzia mwaka 1558 Malkia Elizabeth I alipoanza kutawala, na kwamba nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Agizo la kwanza lilitaka tukio liandikwe, lakini halikueleza kwa undani liandikwe vipi. Kasisi au karani aliandika alichoona kinatosha, na kwa wengi wao jina la baba lilitosha.

Mfano unaojulikana kuliko yote umo katika daftari la kanisa la Utatu Mtakatifu, Stratford-upon-Avon. Tarehe 26 Aprili 1564 pameandikwa kwa Kilatini Gulielmus filius Johannes Shakspere, maana yake William mwana wa John Shakspere. Hapo ndipo mwisho. Mwanamke aliyembeba mtoto huyo miezi tisa hatajwi hata kwa jina lake la kwanza. Kwamba aliitwa Mary Arden tunalijua kwa njia nyingine kabisa: baba yake, Robert Arden, alimwachia ardhi katika wasia wake wa mwaka 1556, na baadaye Mary na mumewe waliingia katika kesi kuhusu ardhi hiyohiyo. Laiti baba yake angekuwa kibarua asiye na shamba, hata mama wa mwandishi huyo mashuhuri angebaki bila jina. Hiyo ndiyo hali ya mamilioni ya mama wengine walioishi katika parokia zaidi ya 10,000 za nchi ile.

Kwa hiyo ubatizo wa mtoto hausaidii sana. Maziko nayo husaidia hata kidogo kuliko ubatizo, kwani mke huzikwa kwa jina la mumewe, mara nyingi kwa maneno kama vile mke wa fulani au mjane wa fulani. Mlango unaobaki ni ndoa, kwa kuwa ndilo tukio la pekee ambamo jina la kwao na jina la mume huandikwa mstari mmoja. Tena kwa desturi ndoa ilifungwa katika parokia ya bibi harusi, si ya bwana harusi, na mtafutaji anayeng'ang'ania parokia walikozaliwa watoto anaweza kukaa miaka akipekua kitabu kisicho na jibu, ilhali jibu liko kanisa la kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Na hata mlango huo huweza kufunguka nusu. Ndoa ya Shakespeare mwenyewe haijapatikana katika daftari lolote la kanisa. Kilichopo ni karatasi mbili za ofisi ya askofu wa Worcester, kwa sababu maarusi waliomba leseni ili wasingoje ndoa itangazwe kanisani mara tatu. Katika kitabu cha askofu, tarehe 27 Novemba 1582, karani aliandika kwamba leseni ni ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, katika hati ya dhamana ya pauni 40, bibi harusi ni Anne Hathwey wa Stratford. Yupi ndiye? Anayesoma karatasi moja peke yake atapotea, na wapo waliojenga hadithi nzima ya mapenzi ya watu watatu juu ya jina hilo moja. Lakini wadhamini wawili waliotajwa katika hati ya pili ni Fulk Sandells na John Richardson, na wote wawili wanaonekana katika wasia wa Richard Hathaway wa mwaka 1581, mmoja akiwa msimamizi na mwingine shahidi. Katika wasia huo Richard alimwachia fedha za siku ya harusi binti yake Agnes. Wakati ule Agnes na Anne yalitamkwa karibu sawa na kuandikwa moja mahali pa jingine. Kwa upande wa Whateley, karani yuleyule alikuwa siku hiyo akishughulika na kesi ya zaka iliyomhusu kasisi mmoja aitwaye Whateley, na wachunguzi wengi huona kwamba jina hilo lilimteleza kalamuni.

Nimelieleza shauri hili kwa kirefu kwa sababu linaonyesha jambo ambalo wanaoanza kazi hii hulikosa mara nyingi. Jina la usichana la mwanamke wa karne ya 16 si kitu kilichowekwa mahali kikisubiri kuokotwa. Ni hukumu inayotolewa baada ya mashahidi kadhaa kusikilizwa, na shahidi muhimu huenda asiwe na uhusiano wowote na ndoa yenyewe. Hapa alikuwa jirani aliyetajwa katika wasia wa marehemu.

Kazi ilirahisika kiasi baada ya sheria ya ndoa ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754 na ambayo huhusishwa na jina la Lord Hardwicke. Kabla yake palikuwa na ndoa nyingi za siri, hasa London karibu na gereza la Fleet. Sheria hiyo ilitaka ndoa itangazwe au iwe na leseni, ifungwe katika kanisa la Anglikana, iandikwe katika daftari lake maalumu, na maarusi pamoja na mashahidi wasiopungua wawili watie sahihi au alama ya msalaba. Waquaker, yaani dhehebu la Kikristo lililojitenga na Kanisa la Anglikana, na Wayahudi walisamehewa. Wakatoliki na wengineo hawakusamehewa, na ndiyo sababu ndoa zao za kipindi hicho hupatikana katika vitabu vya Kianglikana. Sahihi na mashahidi ni hazina. Mashahidi wengine walikuwa makarani wa kanisa, na hao hujulikana kwa kuonekana katika kila ukurasa, lakini shahidi anayeonekana mara moja tu mara nyingi ni kaka, dada au baba wa mmoja wa maarusi.

Makasisi wachache waliona upungufu wa vitabu vyao na kuamua kuurekebisha. William Dade, kasisi wa York, alibuni katika miaka ya 1770 namna ya kuandika ubatizo ambayo ilimtaja mama pamoja na jina la kwao na wazazi wake, kwa hiyo mstari mmoja wa daftari la aina yake huweza kutoa vizazi vitatu. Askofu Shute Barrington alipokuwa Durham aliagiza kuanzia mwaka 1798 kumbukumbu zinazokaribiana na hizo. Mwenye bibi aliyebatizwa Yorkshire, Durham au Northumberland katika miaka hiyo ana bahati kubwa, na aanzie hapo kabla ya kwingine kokote. Inasikitisha kwamba sheria ya mwaka 1812, iliyoleta fomu zilizochapwa kuanzia Januari 1813, ilikomesha utaratibu huo mzuri: fomu mpya ya ubatizo ilikuwa na nafasi ya kazi ya baba, lakini haikuwa na nafasi ya jina la kwao mama.

Nafasi hiyo ilikuja na usajili wa serikali ulioanza tarehe 1 Julai 1837. Tangu hapo cheti cha kuzaliwa hueleza jina la mama kabla ya kuolewa, na faharasa ya mtandaoni ya Ofisi Kuu ya Usajili huonyesha jina hilo kuanzia mwaka huo, ingawa faharasa za zamani zilizochapwa zilianza kulionyesha mwaka 1911 tu. Kwa hiyo mwenye busara huanzia vyeti na kurudi nyuma. Hata mtoto wa mwisho wa familia, aliyezaliwa baada ya Julai 1837, anaweza kufichua jina la mama wa ndugu zake wote waliozaliwa kabla, ilimradi ithibitike kwamba mama ni yuleyule.

Pasipokuwa na mtoto wa namna hiyo, kazi hufanywa kwa kukusanya na kuondoa. Tuseme John na Mary Cooper walibatiza mtoto mwaka 1795. Kwanza hukusanywa watoto wote wa John na Mary Cooper katika parokia hiyo na za jirani, ili ajulikane mkubwa wao, kisha ndoa hutafutwa miaka michache kabla yake. Isidhaniwe kwamba ni lazima miezi tisa ipite: Susanna, mtoto wa kwanza wa Anne Hathaway, alibatizwa Mei 1583, miezi sita baada ya ile dhamana. Kwa majina ya kawaida kama haya zitapatikana ndoa mbili tatu za John Cooper na Mary. Kila moja hufuatwa kivyake: hawa walizaa wapi, huyu Mary alizikwa lini, yule John alihamia wapi. Inayobaki baada ya nyingine kuwa na maisha yao mahali pengine ndiyo yenye nguvu. Baada ya hapo hutafutwa ubatizo wa Mary mwenyewe kwa jina la kwao, na hapa kuna hatua ambayo wengi huiruka, nayo ni kupekua maziko ya watoto. Si mara moja nasaba nzima imejengwa juu ya Mary aliyebatizwa na kuzikwa mwaka uleule.

Mtego mwingine ni ujane. Mjane aliyeolewa tena huandikwa kwa jina la mume wake wa kwanza, na kabla ya 1754 makarani wengi hawakujali kutaja kwamba ni mjane. Jina linaloonekana kuwa la kwao huwa basi la marehemu mume, na yapaswa kurudi ndoa moja zaidi. Tarehe nazo hudanganya, kwa sababu mpaka mwaka 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Pacha wa Shakespeare waliobatizwa tarehe 2 Februari ambayo sisi twaihesabu kuwa ya 1585 wameandikwa chini ya 1584. Kwa miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell wa pili, Oliver, hasa 1642 hadi 1660, vitabu vingi vina mapengo, na hapo nakala zilizopelekwa kwa maaskofu haziwezi kuziba kila kitu.

Ishara ndogo pia zina thamani. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 watoto wengi walipewa jina la kwao mama kuwa jina la katikati, na Thomas Hargreaves Cooper anaweza kuwa anabeba jina la ukoo wa mama au bibi yake. Wasia wa baba huwataja mabinti walioolewa pamoja na waume zao. Mtoto wa nje ya ndoa, ambaye jamii ya wakati ule ilimdharau, ndiye mara nyingi aliyebatizwa kwa jina la ukoo wa mama.

Daftari nyingi za kale sasa zimo katika hifadhi za nyaraka za kaunti, na picha zake nyingi husomeka mtandaoni. Faharasa inafaa kuonyesha njia, lakini jina halihesabiwi kuwa limepatikana mpaka ukurasa wenyewe usomwe, maana walioziandaa nao walisoma mwandiko mgumu na wakakosea. Katika mti wa ukoo mwanamke huandikwa kwa jina la kwao. Ikiwa jina hilo halijathibitishwa, aandikwe Mary peke yake, na mahali pa jina la ukoo paachwe wazi, wala pasijazwe jina la mumewe.