Mgongo unauma na hospitali kubwa iko mbali: maswali na majibu

Hivi maumivu ya kiuno ni ishu ya kutangazia dunia, si uzee na kazi ngumu tu?
Ni ishu kubwa mno. Mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria ikifika 2050 watakuwa milioni 843, na hakuna tatizo lingine linalowafanya watu wengi hivyo washindwe shughuli zao. Anayeumia zaidi ni yule anayeishi kwa kubeba na kuinama, akilala wiki moja ndani hamna kitu.

Sisi huku hatuna MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wala daktari bingwa, si ndo basi tena?
Hapana jamani, na hapa ndo watu wengi wanapokata tamaa bure. Karibu tisa katika kila kumi wenye maumivu ya kiuno hawana ugonjwa unaoonekana kwenye picha, na hata watu wasio na maumivu yoyote ukiwapiga MRI wengi utakuta diski, yaani vile vitulizo vya katikati ya pingili za mgongo, zimechakaa, sasa picha ya hivyo inaishia kumtia mtu hofu.
Mhudumu aliyefundishwa anaweza kupima mengi kwa mikono yake. Anakwambia tembea kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole, kisha anakushikia kidole gumba cha mguu anakwambia kivute juu yeye anakizuia, kama kimelegea upande mmoja basi huenda kuna mshipa wa fahamu unaobanwa. Anagonga pingili taratibu, anauliza kuhusu mkojo, homa na kukonda. Dakika chache tu, bila umeme.

Na matibabu je?
Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu unataja elimu, mazoezi, tiba za mikono kama masaji, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza maumivu za jamii ya ibuprofeni (hizi nazo kwa ushauri, zinaweza kuumiza tumbo na figo). Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine haishauriwi kama matibabu ya kawaida, na dawa kali za jamii ya morfini pia hapana. Yaani vitu vingi vinavyowamaliza watu pesa havimo kabisa!

Lini nikimbie hospitali?
Mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, choo hukizuii, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, miguu inaisha nguvu: nenda siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Ukianguka vibaya au ukipata ajali usinyanyuliwe hovyo. Na maumivu ya miezi yenye homa, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachoweza kuleta kibiongo na kupooza, wakati kikiwahiwa wengi wanapona kwa dawa tu bila kupasuliwa. Hili linaniuma sana maana mgonjwa anakuja miguu imeshakufa ganzi, na dawa za TB zilikuwepo muda wote.

Kuna mahali wameweza kusogeza huduma?
Ndiyo. World Spine Care, shirika lililoanzishwa 2008 na Dk. Scott Haldeman, lilifungua kliniki Shoshong, kijijini Botswana, na baadaye nchi nyingine, na msisitizo wake ni kufundisha watu wa palepale. Kupeleka madaktari wa upasuaji wa kuja wiki mbili na kuondoka peke yake hakutoshi, kwa sababu aliyepasuliwa anahitaji kufuatiliwa kidonda na mazoezi kwa miezi.

Sasa sisi wananchi tudai nini?
Kwanza mhudumu wa zahanati afundishwe upimaji huo na mazoezi. Pili rufaa inayofanya kazi, yaani ijulikane mgonjwa wa miguu kuisha nguvu anapelekwa wapi, kwa gari gani, na nauli inatoka wapi, maana karatasi ya rufaa bila usafiri mgonjwa anarudi nayo nyumbani. Tatu fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mikono, iwe kwenye bima, siyo upasuaji tu.