Msimu wa kadi: yanayochelewa ni majina, si mikono

Kuanzia Oktoba hadi wiki ya Krismasi simu yangu haipumziki. Hapa Dar es Salaam harusi zipo mwaka mzima, lakini Desemba ina uzito wake. Watu wako likizo, ndugu walioko nje wanarudi, na wenyeji wa Kilimanjaro wanapanga sherehe kwao kwa sababu ukoo mzima utakuwa Moshi au Rombo. Ongeza sendofu, kicheni pati, na ofisi zinazotaka kadi za Krismasi za kuwapa wateja wao wakubwa. Mimi natengeneza kadi kwa mkono: manila, kitenge, utepe, na majina ya kuandika kwa kalamu. Wanaoanza kazi hii huniuliza nafanyaje ili mikono iende kasi. Swali zuri, ila mikono ni sehemu ndogo ya shida.

Piga hesabu kidogo. Kadi moja ikikuchukua dakika 12, kadi 200 ni dakika 2,400, yaani saa 40. Hizo ni siku tano za kazi ya saa nane, na oda ya namna hiyo huja mwezi mzima kabla ya harusi. Muda upo. Kinachoumaliza ni kusubiri orodha ya wageni, ambayo hufika nusu, kisha nusu ya nusu, kisha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi unapata ujumbe: "Dada samahani, Mzee amesema tuongeze majina kidogo."

Kwa hiyo kazi yangu nimeigawa kwa kigezo kimoja tu: kipi kinahitaji jina na kipi hakihitaji. Kukata manila, kukunja, kubandika kitenge na kufunga utepe, vyote havihitaji jina la mtu yeyote. Hivyo naanza navyo siku kamati ya harusi inapolipa kianzio. Tarehe, ukumbi na saa naviweka kwenye karatasi ya ndani inayochapwa kando na kubandikwa baadaye, maana ukumbi nao hubadilika. Jina la mgeni ndilo la mwisho kabisa. Orodha ikichelewa, inakuta kadi zimeshakauka na zimepangwa kwenye boksi zikisubiri kalamu tu.

Kuhusu majina lazima niseme zaidi, maana hapa ndipo kadi nyingi huharibika. Orodha ya kamati hutoka kwenye kundi la WhatsApp la michango, na mle watu wameandikwa wanavyoitwa, si wanavyopenda kusomwa kwenye kadi. Utakuta "Mama Neema Mbezi", "Shemeji wa Tabata", "Boss Juma", "Mch.", basi, mchungaji gani hajulikani. Ukiandika hivyo hivyo, kadi itakurudia. Namuomba katibu wa kamati aniandikie safu tatu: cheo, jina, na singo au dabo, yaani kadi ya mtu mmoja au ya wawili. Cheo kisikae kwa kubahatisha. Mzee aliyehiji akiandikwa "Bw." badala ya "Alhaji", nyumbani kwake kadi itazungumzwa kuliko harusi yenyewe. Mjane naye anastahili kuulizwa kabla hujamwandikia "Bw. na Bi." kwa mazoea ya zamani.

Singo na dabo ni jambo jingine. Mwenye mchango mkubwa hupata dabo, wa kiwango cha chini singo, na mlangoni watu wa kamati wanakagua. Lakini kuna wanaomalizia ahadi zao wiki ya mwisho, na mtu wa singo anakuwa wa dabo. Neno hilo siliandiki kwenye kadi yenyewe. Naliweka kwenye kilebo kidogo kinachobandikwa mwisho, pamoja na namba ya kadi. Katibu anabaki na namba zile zile kwenye daftari lake, kwa hiyo kadi ikipotea tunajua ni ya nani.

Sasa karatasi. Manila ya gramu 250 kwa mita ya mraba inatosha kadi yenye kitenge juu. Nyepesi zaidi ya hapo inalegea. A4 moja ukiikata katikati inakupa kadi mbili za kukunja za A6, kwa hiyo kadi 200 ni karatasi 100, na mimi nanunua 110 ili zilizoharibika zisinirudishe Kariakoo. Kabla ya kukata yote, pinda karatasi moja taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Upande mmoja utapinda kwa urahisi kuliko mwingine, kwa sababu hapo mstari wa kupinda unafuata mlalo wa nyuzi za karatasi. Mkunjo wako ufuate nyuzi. Ukikunja kwa kuzikata, manila ya rangi iliyokolea hupasuka mgongoni na kuonyesha mstari mweupe, na mteja huuona kabla hajasoma chochote. Hata ukifuata nyuzi, chora kwanza mstari kwa rula ya chuma na peni iliyokwisha wino, ukikandamiza bila kukata, ndipo ukunje.

Vuli hutukuta katikati ya msimu. Hewa ya Dar ikiwa nzito, manila hunywa unyevu, na gundi nyeupe yenyewe ina maji. Karatasi hutanuka upande uliopakwa, kisha ikikauka inajikunja kama jani la mgomba juani. Wengi wanawasha pangaboi ili zikauke haraka, kumbe upepo unakausha upande wa juu peke yake na kuzidisha kujikunja. Mimi kitenge nakibandika kwanza kwenye karatasi nyepesi, nakilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha, kisha ndiyo nakata vipande. Kikiwa na karatasi nyuma hakifumuki pembeni, na gundi ya kukibandikia kwenye kadi inakuwa kidogo sana. Usiku huo mmoja wa kukausha hauna njia ya mkato, na ndio sababu sipokei oda ya "kesho jioni" hata mtu akiongeza hela. Manila ambayo haijatumika inakaa kwenye mfuko wa plastiki, imelala, haisimami.

Bahasha nunua baada ya kutengeneza kadi ya mfano. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162, na A6 ni 105 kwa 148, kwa hiyo ukitazama karatasi nafasi inatosha. Weka shanga mbili na fundo la utepe, bahasha inavimba na gundi ya mfuniko haishiki. Ama upunguze mapambo, ama uchukue bahasha kubwa na uiingize kwenye bei tangu mwanzo.

Fedha sizungumzi sana. Kianzio ni nusu, na nusu iliyobaki inalipwa kabla kadi hazijatoka mlangoni, kwa sababu mweka hazina wa kamati baada ya harusi hapatikani kirahisi. Majina ya kuongeza yana bei yake, na tarehe ya mwisho ya kuyapokea inaandikwa kwenye risiti ya kianzio. Ikiandikwa, hakuna ugomvi. Ikisemwa kwa mdomo, kila mtu anakumbuka tarehe yake.

Watu wananiuliza kama kadi za kutumwa kwa simu zinaniua. Kamati nyingi sasa zinawatumia wageni kadi yenye msimbo wa kuskani mlangoni, na kwa wageni 500 naona wana haki. Hata mimi nisingetaka kuandika majina 500 kwa mkono. Kinachobaki kwangu ni kadi za wazazi, wazee wa ukoo, wasimamizi, viongozi wa dini, na wale ambao ni lazima kadi iende kwa mikono miwili. Idadi imepungua, na bei ya kila kadi imepanda. Kwa fundi mmoja na msaidizi mmoja, nafuu hiyo.

Kadi za Krismasi za ofisi zina unafuu wake: orodha inatoka kwa katibu muhtasi, imekamilika, ina vyeo. Ninachokataa ni kuandika mwaka kwenye kadi za akiba ninazouza rejareja. "Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya" bila tarakimu itauzika Desemba ijayo kama haikuuzika hii.

Januari haina mapumziko mnayoyadhania. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na Jumatano ya Majivu inayoianzisha inaweza kuangukia popote kati ya Februari 4 na Machi 10. Mwaka ambao Pasaka iko mapema, harusi zote zinabanana Januari, na kadi zake zinatakiwa zianze kukatwa wakati za Desemba bado ziko chini ya vitabu. Ramadhani nayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ndoa za Kiislamu zinazofungwa Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, huja wakati tofauti kila mara. Kalenda zote mbili ziko ukutani kwangu, na oda za Januari nazifunga Desemba 10.